Bajeti ya Jikoni Huvunjikia Gengeni

Mazungumzo mengi kuhusu kubana matumizi ya chakula huanzia kwenye mchele, unga, mafuta ya kula na sukari, kwa sababu hivyo ndivyo vitu vinavyotoa fedha nyingi mfukoni kwa mkupuo mmoja, na mtu akishatoka dukani na mfuko wa kilo ishirini na tano begani huona kuwa mwezi wake umekwisha kuamuliwa. Mimi ndiye mtunza fedha za jikoni katika nyumba ya watu sita hapa Dar es Salaam, watu wazima watatu na watoto watatu, na daftari ninaloandika matumizi yetu linaonyesha jambo tofauti. Vitu vya stoo havitofautiani sana mwezi hadi mwezi. Kinachoamua kama tutafika siku ya mshahara tukiwa na salio au tukiwa tumekopa ni nyanya, vitunguu, nazi, mboga za majani, mayai, mkate na maziwa, yaani vile vitu vinavyonunuliwa kwa elfu moja na elfu mbili, ambavyo hakuna anayevihesabu kwa kuwa kila kimoja kwa peke yake hakina uzito.

Kwa hiyo fedha zetu za chakula, ambazo kwa sasa ni shilingi 600,000 kwa mwezi, tunazigawa mara tatu kabla hazijaguswa. Shilingi 270,000 huenda stoo: mchele, unga, maharage, mafuta, sukari, ngano, chumvi, majani ya chai, dagaa, pamoja na nyama inayonunuliwa kwa mara moja na kugandishwa kwa vifungu vya mlo mmoja mmoja. Shilingi 65,000 kwa wiki huenda gengeni, ambazo kwa wiki nne ni 260,000. Zinazobaki, 70,000, haziitwi ziada, na katika daftari letu zimeandikwa kwa jina la “mkia wa mwezi”, kwa sababu nitakazozieleza. Gesi, mkaa, sabuni na maji havimo humu, kwani nyumba inayochanganya sabuni na mchele katika hesabu moja haiwezi kujua ni kipi kilichokula fedha.

Mkia wa mwezi una maana yake. Anayepanga matumizi kwa wiki nne hujiaminisha kuwa amepanga mwezi mzima, ilhali Februari peke yake ndiyo yenye siku 28. Miezi mingine yote ina siku mbili au tatu za juu, na siku hizo huangukia pale pale ambapo mfuko umekauka na mshahara haujaingia. Ukikokotoa kwa mwaka mzima jambo linakuwa wazi zaidi: wiki nne mara miezi kumi na miwili ni wiki 48, lakini mwaka una wiki 52, kwa hiyo ziko wiki nne, sawa na matumizi ya gengeni ya mwezi mzima, ambazo bajeti ya namna hiyo haikuzitengea hata senti. Kwa kiwango chetu siku moja ya genge ni takriban shilingi 9,300, na siku tatu za mwisho wa mwezi hudai kama 28,000. Fedha hizo hutoka kwenye mkia, na kinachobaki hapo ndicho cha wageni na cha bei zinazoruka. Sidhani kama ipo hatua nyingine iliyotuondolea mikopo ya tarehe za mwisho kuliko hii.

Sasa nirudi gengeni, kwa sababu huko ndiko bei zinakojificha. Dukani bei ikipanda unaambiwa: kilo ilikuwa hivi, leo ni hivi. Gengeni bei ya fungu mara nyingi haibadiliki hata kidogo, kinachopungua ni fungu lenyewe. Mama wa genge letu hupanga nyanya zake asubuhi juu ya kipande cha mfuko wa salfeti, tatu chini na moja juu, ile ya juu ikiwa ndiyo kubwa na nyekundu kuliko wenzake, na fungu huitwa la elfu moja. Wakati nyanya zimejaa mjini, fungu hilo hilo la elfu moja huwa na saba au nane, na akikupenda anakuongeza moja. Masika yakikaza, kati ya Machi na Mei, mashamba yanapojaa maji na njia kuharibika, fungu la elfu moja hushuka hadi tatu, mojawapo ikiwa na doa. Simlaumu, kwa kuwa yeye naye amelinunua tenga kwa bei ya juu na nusu yake limepondeka njiani. Lakini mwenye kuandika “nyanya, 1,000” katika daftari lake haoni badiliko lolote, hushangaa tu kwa nini siku hizi anatuma mtoto gengeni mara mbili kwa siku.

Hii ndiyo sababu takwimu za mfumuko wa bei, ambazo Ofisi ya Taifa ya Takwimu huzitoa kila mwezi, hazimsaidii sana mpishi, ingawa ni takwimu za kweli na mimi huzisoma. Wastani wa mfumuko wa bei kwa mwaka 2024 ulikuwa asilimia 3.1. Katika kapu la bidhaa na huduma linalotumika kukokotoa mfumuko huo, chakula na vinywaji visivyo na kilevi vina uzito wa takriban asilimia 28, na sehemu nyingine yote ni kodi ya nyumba, usafiri, mavazi, nishati na mengineyo. Nyumba ambayo zaidi ya nusu ya kipato chake huishia jikoni ina kapu lake tofauti kabisa, na kapu hilo linaweza kupanda kwa kasi mwezi Aprili kisha likashuka Agosti bila mtu yeyote kutangaza.

Dawa tuliyoiona inafaa ni kuandika kipimo pamoja na fedha. Katika daftari letu hakuna “nyanya 1,000”, kuna “nyanya 6, 1,000”. Kuandika hivyo huchukua nafasi ile ile, na baada ya miezi michache unajua nyumba yako inakula nini hasa: sisi kwa mwezi ni kilo 20 za mchele, mfuko mmoja wa unga wa kilo 25, kilo 6 za maharage, lita 5 za mafuta, kilo 5 za sukari, na nyanya zisizopungua arobaini kwa wiki tukijiachia, ishirini na tano tukijibana. Ukijua vipimo, bei ikipanda una uamuzi wa kufanya, yaani kupunguza kipimo, kubadilisha kitu, au kukubali kulipa na kutoa kwenye mkia. Usipovijua, uamuzi unafanyika wenyewe na unakuja kuuona mwisho wa mwezi.

Mwanzoni mwa 2024, mvua kubwa za El Niño zilipokwamisha uvunaji wa miwa na kazi za viwandani, sukari ilifika shilingi 4,000 kwa kilo na kuzidi katika maeneo mengi, juu ya bei elekezi iliyokuwa imetangazwa. Kwetu kipimo kilishuka kutoka kilo tano hadi tatu: chai ya jioni ikanywewa bila sukari kwa watu wazima, na uji wa watoto ukatiwa ndizi mbivu zilizopondwa. Fedha ya sukari haikupanda hata shilingi. Mafuta ya kula yalipopaa 2021 na 2022 kila nyumba ilijifunza kuchemsha samaki aliyekuwa akikaangwa, na wapo waliobaki na tabia hiyo hata baada ya bei kutulia, mimi nikiwa mmoja wao, ingawa watoto hawajakubali.

Nyanya za masika zinahitaji akili ya namna nyingine, kwa kuwa mapishi yetu karibu yote yameegemea rosti. Tunapunguza nyanya hadi mbili, tunaongeza kitunguu na karoti iliyokunwa, na siku nyingine tunaacha nyanya kabisa tukapika kwa karanga za kusaga au tui la nazi, ambavyo havihitaji nyanya hata kidogo. Msaidizi wetu wa nyumbani, ambaye anajua genge kuliko mimi, ndiye aliyenizoesha hili. Atasimama mlangoni na kikapu mkononi aseme, “Mama, leo kisamvu kimetwangwa kizuri na nazi tunayo, nyanya tuziache.” Nyanya zikiwa za kumwaga, tunanunua ndoo kubwa Mabibo au Ilala, tunazichemsha, tunazisaga, tunazigandisha katika vikopo vidogo. Hilo lina faida kwa mwenye friza inayofanya kazi na umeme usiokatika kwa siku nzima, vinginevyo ni kununua hasara.

Kuhusu kununua kwa jumla, sifa zake zimepita kiasi. Ni kweli kwamba kupima ni ghali. Katika duka la Mangi la mtaani kwetu robo kilo ya sukari ni shilingi 900, na kilo nzima ni 3,200, kwa hiyo mnunuzi wa robo nne analipa 400 zaidi kwa kila kilo. Lakini kwa kilo tano za mwezi hiyo ni shilingi 2,000, ambayo haitoshi hata nauli ya bajaji kwenda na kurudi Kariakoo. Faida kubwa ya kuwa na vitu stoo iko kwenye safari zinazopungua. Mtoto anayetumwa sukari ya robo hurudi na sukari, na biskuti, na pipi iliyotolewa badala ya chenji, na taarifa kwamba Mangi ameleta juisi mpya. Mtu mzima naye hapatwi na hali tofauti sana, isipokuwa yeye hununua soda na vocha. Na pale dukani liko daftari la mkopo, ambalo ni msaada mkubwa siku mtoto anapoumwa usiku, na ni balaa likizoeleka, kwa kuwa aliyekopa habishani na bei. Sisi tumeliwekea kiwango ambacho Mangi mwenyewe anakijua, na kikifika hatoi kitu hata akitumwa nani.

Sokoni tatizo huwa ni vipimo. Kisado, ile ndoo ndogo ya rangi ya lita nne, ndicho kipimo cha viazi, maharage, vitunguu na karibu kila kitu, lakini kisado hupima ujazo na kinakaa kimya kuhusu uzito. Kisado cha maharage nikikiweka kwenye mizani nyumbani hucheza kwenye kilo tatu na kitu, ilhali cha viazi vikubwa hakifiki hapo, kwa sababu viazi vikubwa huacha mianya katikati. Viazi vya saizi ya kati hujaza ndoo vizuri zaidi. Tena ni vyema kukitazama kisado chenyewe kwa ndani kabla hakijajazwa, kwa kuwa kipo chenye kitako kilichobonyezwa kwa juu na mnunuzi aliyeko upande wa pili wa meza haoni. Huko mashambani mambo ni kinyume chake: mkulima ndiye anayepunjwa, kwa lumbesa, gunia lililoshindiliwa na kushonewa kofia juu mpaka likapita kilo 100 zinazoruhusiwa. Wakala wa Vipimo wamelipiga marufuku kwa miaka mingi na bado linaonekana. Kwa hiyo anayeuziwa kisado kilichopungua mjini na anayelazimishwa kujaza lumbesa kijijini wanaibiwa kwa njia moja, na faida inayotoka kwa hao wawili hubaki kwa wachuuzi wa katikati. Kwa kadiri ninavyoweza, nanunua kwa muuzaji mwenye mizani.

Kitu kimoja tu ndicho ninachoona kinastahili kununuliwa kwa wingi wa kweli, nacho ni mchele. Mavuno ya mpunga ya Mbeya, Morogoro na Shinyanga huingia sokoni kuanzia Mei na Juni, na bei hulegea katikati ya mwaka kisha hupanda kadiri msimu mpya unavyochelewa. Mwishoni mwa 2022 na mwanzoni mwa 2023 mchele ulifika shilingi 3,000 kwa kilo na kupita, na nyumba zilizokuwa na gunia la Julai zililiangalia gunia lao kwa heshima. Sisi huchangia na majirani wawili, tunanunua magunia kwa mfanyabiashara wa Tandale tuliyemzoea, tunagawana kwa mizani sebuleni. Mchele wa kuhifadhi lazima uwe mkavu. Tunauanika kwanza kwa siku moja kwenye kivuli chenye upepo, tunaujaza kwenye madumu na ndoo zenye vifuniko vinavyobana, na hatuweki zaidi ya mahitaji ya miezi minne, kwa sababu joto na unyevu wa Dar es Salaam huleta fukusi, na fukusi wakishaingia huna akiba tena, una kazi ya kupepeta. Unga sihifadhi kabisa zaidi ya mwezi mmoja. Dona hasa huharibika upesi kwa sababu ya mafuta ya kiini cha mahindi.

Maharage ni rahisi kununua na ghali kupika, jambo ambalo bajeti ya chakula pekee hailioni. Kuyachemsha kila yanapohitajika ni kupoteza gesi. Tunaloweka kilo moja na nusu usiku wa Ijumaa, Jumamosi yanachemshwa kwa mkaa sufuria moja kubwa, kisha yanagawanywa vibakuli vya mlo mmoja na kugandishwa. Katikati ya wiki kazi iliyobaki ni kuyaunga tu, dakika kumi na tano.

Swali la nani ashike fedha ni zito kuliko linavyoonekana. Katika nyumba nyingi hela ya matumizi huachwa mezani kila asubuhi, na mpishi hutakiwa kurudisha chenji na maelezo jioni. Utaratibu huo unamfanya mpishi atumie chote alichopewa, maana akibakiza leo, kesho ataachiwa pungufu. Sisi tunampa msaidizi wetu fedha za genge za wiki nzima siku ya Jumamosi, taslimu, kwa noti za elfu mbili na elfu tano. Noti ya elfu kumi ikishachenjiwa haina maisha marefu. Anaandika mwenyewe, anaamua mwenyewe, na kinachobaki Ijumaa hakirudishwi kwetu chote: nusu ni yake. Kuna ndugu walioniambia ninamdekeza. Hesabu ya daftari inasema nusu hiyo ni rahisi kuliko njia yoyote ya kumkagua, na yeye ndiye aliyegundua kuwa mayai ya trei kwa mfugaji wa mtaa wa nyuma ni nafuu kuliko ya dukani. Malipo ya simu tumeyaacha kwa vitu vya stoo tu, kwa kuwa makato ya kutuma elfu mbili mbili hula fedha polepole.

Iko miezi ambayo mpango huu wote hulegezwa kwa makusudi. Ramadhani ikiingia, mihogo, viazi vitamu, magimbi, tambi na nazi hupanda bei kwa kila mtu, anayefunga na asiyefunga, na nyumba ya jirani yetu hutuletea futari kwenye sinia ambayo haiwezi kurudishwa tupu. Desemba ina wageni na kuku, Januari ina ada za shule na viatu. Mambo haya yanajulikana mwaka mzima kabla hayajafika, kwa hiyo sikubali kuyaita dharura. Yana kibubu chake, kinachotiwa kidogo kidogo tangu Februari.

Najua pia kwamba haya yote yanawezekana kwa mwenye mshahara wa mwezi. Anayeishi kwa kipato cha siku, fundi, mama lishe, dereva wa bodaboda, hawezi kuambiwa anunue lita tano za mafuta, na anayemshauri hivyo hajui anachokisema. Kwake njia iliyo karibu zaidi ni mchezo. Majirani kumi wanaochangishana kila siku, kila mmoja akapokea kwa zamu, wanampa mtu fedha ya mkupuo inayotosha kisado cha maharage na lita kadhaa za mafuta, mradi zamu yake ikifika aende nayo moja kwa moja dukani kabla haijazoea nyumba.

Vitu viwili sivipunguzi hata mwezi ukibana, mayai na maziwa ya watoto. Nimeona nyumba zinazoanza kubana hapo kwa kuwa ndipo panapokatika kirahisi, bila ubishi wa watu wazima, huku soda ya Jumapili na nyama choma ya wageni ikibaki mahali pake. Mkia wa mwezi ukibakiza kitu, huingia kwenye fedha ya mchele wa Julai. Mwenzangu hupendekeza kila mara kwamba ingefaa zaidi kununuliwa mbuzi, na kila mara nimemwandikia mbuzi huyo kwenye ukurasa wa Desemba.